Jumapili ya Nani Gisenyi?

Jumapili asubuhi, ufuo wa Ziwa Kivu mjini Gisenyi huchangamka mapema. Familia zilizoshuka kutoka Kigali tangu juzi zinataka chai, watoto wanataka kuogelea. Anayewahudumia ni kijana wa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, aliyeingia zamu alfajiri. Misa ya kwanza inamkuta amebeba sinia la mayai na vikombe. Ya pili inamkuta akifuta meza. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mji huu unaishi kwa wageni, na wageni huja wikendi. Kisha mimbarini husikika lawama ile ile, kwamba vijana wa siku hizi wamepoa kiroho.

Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Gisenyi, makao makuu ya Wilaya ya Rubavu, ni mji ambao saa za watu wengi zimeshikwa na wengine. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo, hukesha ziwani, mitumbwi yao mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, na hurudi pwani waumini wakielekea kanisani. Kwenye Petite Barrière, mpaka wa kuingia Goma nchini Kongo, akina mama hupanga foleni na nyanya, kabichi na maziwa, bidhaa zisizojua kungoja. Juni 2022, Kongo ilipotangaza kuwa mpaka utafungwa saa tisa alasiri, siku ya mchuuzi ilikatwa ghafla. Na siku ikifupishwa, kinachotangulia kuondolewa ni kile kisicholeta hela ya unga.

Mwaka 2024 serikali ya Rwanda ilikagua nyumba za ibada nchi nzima na kufunga zaidi ya 5,000 kwa kutotimiza masharti, yakiwemo ya usalama, usafi na udhibiti wa kelele. Hakuna anayetaka paa limwangukie akiwa anasali. Hata hivyo, kwa mtu wa zamu, kanisa la jirani likifungwa na kubaki lile la mbali, ibada ya saa mbili huwa safari ya nusu siku.

Habari njema ni kwamba saa za ibada na za kazi zimewahi kusogezwa mara nyingi. Kaisari Konstantino alipoifanya Jumapili siku ya mapumziko mwaka 321, wakulima aliwaruhusu waendelee na mashamba yao. Mwaka 1953 Papa Pius XII alifungua mlango wa misa za jioni, akiwafikiria pia wafanyakazi wa zamu, na Sheria ya Kanisa ya 1983 inaitambua misa ya Jumamosi jioni kuwa imetimiza wajibu wa Jumapili. Hapa Rwanda, umuganda, kazi ya pamoja ya kijamii, hufanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, lakini Waadventista Wasabato wamekubaliwa kuufanya Jumapili. Tangu Januari 2023 ofisi zinafunguliwa saa tatu asubuhi, hivyo karani ana nafasi ya kusali na wanawe kabla ya kutoka. Mhudumu wa hoteli na mvuvi hawakupata nafuu hiyo.

Wao wanabaki na njia ndogo ndogo. Wakatoliki wana imiryangoremezo, jumuiya za majirani wanaosali pamoja mtaani, ambako saa hupangwa na wahusika wenyewe. Wana pia sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni, inayoweza kusaliwa kwa dakika chache hata kwenye foleni ya mpaka. Mahubiri kwenye simu yanafaa kwa aliye kazini, ingawa hayashiki mkono wa jirani wala hayamegi mkate. Na simu hiyo hiyo humla muda yule mwenye nafasi tele, anayeamka Jumapili saa nne akidai amebanwa na maisha.

Huyo mwenye nafasi ndiye wa kuulizwa kwanza. Amri ya Sabato katika kitabu cha Kutoka haikuishia kwa mwenye nyumba. Inamtaja mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni. Leo wangetajwa mhudumu, mlinzi na dada wa kazi anayebaki jikoni akikaanga samaki ili familia nzima iende kusifu. Tajiri wa hoteli anaweza kupanga zamu ili kila mfanyakazi apate walau Jumapili moja kati ya mbili. Paroko anaweza kuweka misa Jumatatu jioni, ufuo ukiwa umepoa. Na sisi wenye nyumba tunaweza kupika Jumamosi. Kiporo kilichopashwa moto vizuri hakijawahi kumdhuru mtu aliyetoka kanisani, na dada naye angeketi benchi moja nasi.