Je, Wajua? Maadui wa Mto Mgeta Walikuja Kuwa Marafiki

Kwamba Mto Mgeta, unaoshuka kutoka Milima ya Uluguru, uliwahi kuwa mpaka wa mapigano katika Vita Kuu ya Kwanza? Jenerali Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza, aliiteka Morogoro Agosti 1916. Paul von Lettow-Vorbeck na jeshi lake la Wajerumani na askari Waafrika wakarudi kusini, na pande mbili zikaviziana mtoni hadi Januari 1917.

Uadui wa wakubwa haukudumu. Mwaka 1929 Lettow-Vorbeck alialikwa London kwenye dhifa ya maofisa aliopigana nao, Smuts akiwepo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ikiwa magofu, Smuts alimtumia vifurushi vya chakula. Chakula, ambacho majeshi yao yalikuwa yakiwanyang'anya wanavijiji huku kwetu!

Tuseme kweli: wema huo ulikuwa wa wao kwa wao. Askari wa Lettow-Vorbeck walisubiri malimbikizo ya mishahara hadi 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa waliobaki hai. Wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu wakibeba mizigo ya pande zote mbili, hawakuwamo katika hesabu hiyo.