Taimtebo ni Bamvua

Msee wa Nairobi akiskia anaenda semesta ya kubadilishana, anawaza theluji, picha za Insta na mbogi ya wazungu. Mimi form yangu ilikuwa mikoko, na mikoko ikanileta Kibiti, Tanzania. Ukitoka Mbagala, Dar, unafuata barabara ya Kilwa kama kilomita 130 kusini, na kabla basi isimame stendi, madogo washapandisha machungwa, korosho na mayai boilo dirishani. Bob moja ya kwetu inapata karibu 20 za huku, kwa hivyo wiki ya kwanza unajibamba kama sonko. Ya pili bando na boda zinakukamua vile tu zilikuwa zinakukamua Umoja.

Mathe alikuwa na wasi. Alikumbuka habari za huku za 2017, wakati polisi 8 waliuawa kwa shambulio moja Aprili na viongozi wa vijiji wakawa wanapigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Wako watu walipotea na familia bado zinangoja. Hiyo story hauichokonoi maskani, wenyewe wakitaka kuipiga wataipiga. Nilichoona mimi ni kwamba mgeni hajifichi huku: kabla hata sijatandika godoro kejani, mama mwenye nyumba alinipeleka kwa mwenyekiti, jina likaandikwa kwa daftari.

Asubuhi nayo hautoki na earphone zimekaza masikioni ukipita watu kama magari. Shikamoo kwa babu wa kahawa, shikamoo kwa bibi wa vitumbua, za asubuhi kwa kila mtu wa katikati. Ukiruka mmoja, jioni mama mwenye nyumba ashapata ripoti. Alafu kuna ile interview ya vijana: "We Kenya, Simba au Yanga?" Ukijibu Gor wanakuangalia kwa huruma.

Lakini mwenye anaamua siku yako ni maji. Delta ya Rufiji ndiyo ina msitu mkubwa zaidi wa mikoko upande huu wa Afrika Mashariki, kama hekta 53,000, na ndani hakuna mathree. Unarudi hadi Bungu, unakata kuingia Nyamisati penye kivuko cha MV Kilindoni kinaendea Mafia, alafu unatafuta boti ya kuingia vijijini. Nahodha akaniambia, "Maji yanajaa saa kumi alfajiri, tunatoka saa tisa. Ukichelewa, mjomba, tunakuacha." Kesho yake hiyo saa imesonga mbele karibu saa nzima, keshokutwa tena. Mwezi ukiandama au ukipevuka ni bamvua, maji yanapanda hadi yanameza mizizi. Katikati ni maji mafu, na mifereji mingine inabaki tope ya magoti. Alamu ya simu nimeizima. Naangaliaga mwezi kama mzee wa msikiti.

Wazee wanakuonyesha miti kwa majina: mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi. Boriti zake zilikuwa zinapakiwa jahazi hadi Uarabuni. Na ndani ya hiyo mikoko ndio Wajerumani walificha meli yao Königsberg baada ya kuzamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar, Septemba 1914. Ilimalizwa Julai 1915, mizinga yake ikachomolewa ikaendelea kupigana nchi kavu. Ukiwa umeenda tripu ya shule Mombasa, mzinga mmoja ushaupigia picha nje ya Fort Jesus bila kujua umetoka kwa tope ya huku.

Sasa kazi yangu. Upande wa kaskazini wa delta mto umeleta maji baridi, na penye chumvi imepungua watu wanakata mikoko wanapanda mpunga. Kwa serikali hiyo ni hifadhi ya msitu. Kwa mkulima ni shamba lenye halihitaji mbolea. Si raha, usidanganyike. Kaa wanakata miche, nyasi zinapanda, na mpunga ukikomaa familia inahamia kwa dungu, kibanda juu ya nguzo, kufukuza ndege na nguruwe mchana usiku. Mimi nilikuja na msimamo wa kampasi, save mikoko na nini. Sai siwezi kukausha macho nimwambie mtu hivyo akiwa amesimama kwa maji ya kiuno.

Mzee mmoja nilimpata akipanda, akaniuliza naandika nini. Nikamwambia nahesabu visiki. "Basi andika na hili, mjukuu wangu: watoto wangu watatu wamesoma kwa mpunga wa hapa."

Niliandika, neno kwa neno. Supavaiza amerudisha ripoti, pembeni ya hiyo sentensi ameweka swali kwa wino mwekundu: visiki vingapi?