Upanga Kiunoni, Raia Njiani

Tarehe 23 Juni 2022, Mahkama Kuu ya Marekani, katika shauri lililoletwa na chama cha wenye bunduki wa jimbo la New York, iliamua kwa rai za majaji sita dhidi ya watatu ya kwamba haki ya kumiliki na kuchukua silaha, iliyotiwa katika katiba ya nchi ile tangu mwaka 1791, haikomi kizingitini mwa nyumba ya mtu, bali humfuata njiani na sokoni. Na sheria ya jimbo hilo, ambayo asili yake ni ya mwaka 1911, iliyomtaka kila aombaye ruhusa ya kutembea na bastola aonyeshe haja mahsusi inayompambanua na jirani zake, ikabatilishwa siku hiyo hiyo. Miaka kumi na minne kabla yake, mwaka 2008, mahkama hiyo ilikuwa imetamka kwamba mtu ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwake kwa ajili ya kujilinda. Jaji Clarence Thomas, aliyeiandika hukumu hiyo ya mwaka 2022, aliweka kipimo ambacho ndicho kilichonivuta kuandika makala hii: serikali itakayo kuzuia silaha njiani haitoshi kusema kwamba uzuizi huo una manufaa, sharti ionyeshe katika tarehe ya taifa kwamba wazee waliotangulia nao walizoea kuzuia jambo la namna hiyo.

Sisi wa Unguja hatuna ibara kama ile. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imehesabu haki nyingi za mtu, ikiwamo haki ya kuwa hai na ya kuwa huru, na haki ya kuchukua silaha haimo. Wala haimo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ambayo kinyume chake, katika ibara yake ya 147, yapiga marufuku mtu, shirika au kikundi chochote kisicho Serikali kuunda au kuweka jeshi la namna yoyote. Kwa mwanasheria maneno haya yanatosha kulifunga shauri. Lakini kipimo cha kuiuliza tarehe hakina uraia, na mimi naona ni vyema kukitumia hapa, kwani mji huu una tarehe ndefu ya watu waliotembea na silaha hadharani, na ushahidi wake haujapata kusikilizwa vya kutosha na wale wanaodhani kwamba jambo hili ni la Wamarekani peke yao.

Mgeni aliyeshuka pwani ya Mji Mkongwe katika zama za Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, hakupita njia ndefu kabla ya kukutana na chuma. Muungwana wa Kiarabu alitoka kwake amevaa kanzu, joho na kilemba, hanjari yenye ala ya fedha imesimama katikati ya mshipi wake, na aghalabu upanga mrefu mkononi; Mbulushi wa zamu katika Ngome alikuwa na bunduki yake ya mrao; na mfanyabiashara aliyekuwa akijiandaa kwa safari ya bara alikuwa na bunduki zake za gumegume zimepangwa sebuleni. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, asimulia kwamba hata yeye, ijapokuwa mwanamke, alifundishwa kupiga shabaha na kucheza upanga alipokuwa akikaa pamoja na nduguye Majid, na aeleza jinsi wanaume wa ukoo wake walivyokuwa hawatoki hadharani pasi na silaha.

Laiti tungeishia hapo, tungeweza kusema kwamba wazee wetu walikuwa na ada ya kuchukua silaha njiani, na mwenye kuitaka haki hiyo leo angekuwa amepata hujja. Lakini ni nani aliyeruhusiwa kuvaa hanjari? Mpagazi wa Forodhani hakuivaa, wala mchukuzi wa maji, wala mkulima wa Kihadimu aliyekuja mjini kuuza muhogo, wala mtumwa aliyekuwa akichuma karafuu katika mashamba ya Dunga na Bububu. Watumwa waliobeba bunduki walikuwapo, tena wengi, katika misafara na katika walinzi wa matajiri, lakini walizibeba kwa jina la bwana wao na kwa kazi yake. Silaha kiunoni ilikuwa cheti cha daraja, kilichosomwa na kila mpita njia bila ya kuhitaji kujua kusoma: huyu ni mtu wa kupishwa. Njia za Mji Mkongwe, kama ajuavyo kila aliyezipita, ni nyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hana budi kujibanza ukutani. Na katika zama zile halikuwa fumbo nani angejibanza. Tarehe yetu ikiulizwa, basi, yajibu kwamba kuchukua silaha hadharani kulikuwapo, na kwamba hakukuwa haki ya watu wote hata siku moja.

Na yale yaliyofuata ni ya kuhuzunisha zaidi. Bandari hii iligeuka mlango mkubwa wa bunduki zilizoingia Afrika ya Mashariki, hata Kanali Euan-Smith, konseli wa Kiingereza, alikadiria mwaka 1888 kwamba baina ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka, nyingi zikipelekwa bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Kisha tarehe 2 Julai 1890 dola zilizokutana Brussels, na Zanzibar yenyewe ikiwa miongoni mwao, zikaafikiana kuukomesha usafirishaji wa watumwa, na katika mkataba huo huo kuzuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo baina ya latitudo ya 20 ya kaskazini na ya 22 ya kusini, magumegume yakiachwa kwa masharti, na silaha nyinginezo zikitakiwa kuwekwa katika ghala za serikali na kutolewa kwa ruhusa. Leseni anayoitaka raia leo kwa sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 ina nasaba na mkataba ule. Sifichi kwamba nasaba hiyo ina doa: Wazungu walioandika masharti hayo hawakujivua silaha zao wenyewe, na mkono ule ule ulioziba mlango wa bunduki kwa Waafrika ndio ulioleta manowari.

Manowari hizo zilionekana wazi tarehe 27 Agosti 1896. Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa ameingia katika jumba la kifalme baada ya kufa Sultani, Sayyid Hamad bin Thuwaini, akakusanya watu wake, mizinga yake na bunduki zake, na asubuhi ile, mara baada ya saa tatu, merikebu za Kiingereza zilianza kupiga. Vita vilidumu kwa muda usiotimia saa moja, wengi wakisema dakika 38, na watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa. Nakumbusha habari hii kwa sababu hoja iliyo bora kuliko zote katika kutetea haki ya silaha ni ile isemayo kwamba raia mwenye bunduki haonewi na mwenye nguvu. Ni hoja ya heshima, na haifai kuchekwa. Lakini waliokuwa ndani ya jumba lile walikuwa na bunduki, na bunduki hazikuwafaa kitu mbele ya mizinga ya merikebu. Na waliokufa kwa wingi walikuwa wale wasiokuwa na rai yoyote katika shauri la nani awe Sultani.

Silaha ambayo kwayo raia humfikia raia mwenziwe, hiyo ndiyo iliyotuachia jeraha kubwa. Siku ya uchaguzi wa tarehe 1 Juni 1961 na siku zilizofuata, watu 68 waliuawa katika kisiwa hiki, wengi wao Waarabu, na vyombo vilivyotumika vilikuwa aghalabu ni vile vilivyomo katika kila nyumba ya shamba: panga, kisu, rungu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, waliozivamia ghala za silaha za polisi za Ziwani na Mtoni walikwenda wengi wao na mapanga, mikuki na pinde, na walipotoka walikuwa na bunduki. Juu ya sababu za Mapinduzi yale na haki iliyodaiwa kwayo, wazee wetu wana maneno mengi, na wajukuu wao wangali wakiyajadili katika baraza za Jaws Corner na Darajani. Lakini juu ya siku zilizofuata, ambapo bunduki zilitembea mitaani mikononi mwa watu wasiojua nani wa kuwaamrisha, na maelfu ya watu wakapoteza roho zao, sijapata kumsikia mzee wa kabila au chama chochote akitamani zirudi.

Tena haikuwa raia peke yake. Tarehe 7 Aprili 1972 Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alipigwa risasi akiwa amepumzika katika makao ya Afro-Shirazi Party pale Kisiwandui, na aliyempiga alikuwa afisa wa jeshi.

Sasa niyaache ya kale yetu, nije katika sheria inayotuhusu leo, ingawa mzizi wake nao ni wa mbali. Katika mwaka 1328 Bunge la Uingereza lilipitisha huko Northampton sheria ya kumzuia mtu asiende na silaha sokoni, minadani na mbele ya mahakimu wa mfalme; na majaji wa Marekani walipokuwa wakizozana mwaka 2022, sheria hiyo ya karne ya kumi na nne ilikuwa miongoni mwa ushahidi mkubwa, wengine wakisema ilizuia silaha zote njiani, na wengine wakisema ilizuia zile tu zilizochukuliwa kwa namna ya kuwatisha watu. Waingereza walipotuandikia kanuni za adhabu katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, waliiweka roho ya sheria ile humo: ni kosa mtu kutembea hadharani na silaha bila ya sababu halali, kwa namna ya kutia hofu. Mimi naliona sharti hili kuwa na hekima kubwa kuliko umri wake. Halimwulizi mtu kabila lake wala daraja yake, lauliza mambo mawili tu, sababu na hofu.

Kwa sharti hilo mkulima wa Kizimkazi apandaye daladala na panga lake lililofungwa gunia hana kosa, kwani anakwenda shamba na hakuna anayemwogopa. Panga lile lile likifunguliwa katika uwanja wa mkutano wa kisiasa huwa kitu kingine kabisa. Bwana harusi wa mjini, aliyevaa joho na kushika upanga siku ya harusi yake, apita Mkunazini huku watu wakimshangilia. Hanjari, ambayo Oman imeiweka katika bendera yake na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya turathi za wanadamu mwaka 2022, imekuwa pambo, na hakuna ajuaye kama ina makali. Vijana wa Kimasai waliokuja kutoka bara kulinda mahoteli na kuuza shanga katika fukwe za Nungwi na Paje, nao huchukua rungu na sime kama baba zao walivyozoea mbugani, na swali la kama ada hiyo yafaa katika msongamano wa Darajani ni swali la kweli, linalostahili kuzungumzwa nao kwa adabu, wakae chini wasikilizwe, kwani kumnyang'anya mtu fimbo kwa kipigo ni kumtia hofu yule yule ambaye sheria ilikusudia kumwondolea hofu. Na niseme hapa, maana sitapata nafasi nyingine, kwamba watu wa Makunduchi wametutangulia katika fikra hii: katika sherehe ya Mwaka Kogwa, kila mwezi wa Julai, wanaume hupambana hadharani mbele ya wake na watoto wao, wakapigana kweli kweli na kutoa kinyongo cha mwaka mzima, na kilichomo mikononi mwao ni mabua ya migomba.

Lakini ikiwa tumemwambia raia aiache silaha nyumbani, au asiwe nayo kabisa, basi tumeipa dola amana nzito, na ni juu ya amana hiyo kwamba nina la kusema ambalo halitawafurahisha wote. Mwezi Januari 2001, tarehe 26 na 27, waandamanaji walipigwa risasi na polisi Unguja na Pemba, na tume iliyoundwa na Serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Wakati wa uchaguzi wa mwaka 2015 na marudio yake ya tarehe 20 Machi 2016, watu wa mitaa ya Ng'ambo walilalamika juu ya makundi ya watu waliofunika nyuso, waliokuja usiku katika magari wakiwa na silaha, ambao raia waliwaita mazombi. Mtu aliyefunika uso hawezi kuulizwa sababu yake, na hofu aitiayo ndiyo kazi aliyoijia. Ibara ya 147 haikuandikwa ili silaha za watu wengi zikusanywe mikononi mwa wachache wasiojulikana. Iliandikwa ili kila bunduki ionekanayo njiani iwe na mwenyewe anayejulikana, jina lake, nambari yake, na mkubwa wake wa kumjibia.

Kwa hivyo nautaka upimaji ule ule wa sababu na hofu utumike kwa aliyevaa sare kama unavyotumika kwa asiyevaa. Askari wa Jeshi la Polisi, au wa vikosi vya Zanzibar vya KMKM, JKU au Valantia, anaposimamishwa na bunduki mbele ya kituo cha kupigia kura au katika kona ya Michenzani, na awe na uso wazi na nambari kifuani. Na mkubwa wake aweze kutakiwa na Baraza la Wawakilishi kueleza ni sababu gani halali iliyomweka pale, kwa saa ngapi, na kwa amri ya nani, na maelezo hayo yaandikwe na yachapwe. Jambo hili halihitaji kubadilisha katiba. Lahitaji kanuni moja iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachofahamika, ibandikwe Ziwani na katika kila kituo cha polisi cha kisiwa hiki, kabla ya kampeni za uchaguzi ujao kuanza.