Injini Mpya ya Morris Minor: Anza na Breki

Mwenye Morris Minor ambayo injini yake imechoka huuliza kwanza: nifunge ipi yenye nguvu zaidi? Namshauri ajiulize gari lenyewe litahimili nguvu kiasi gani.

Gari hili, lililobuniwa na Alec Issigonis, lilizinduliwa Uingereza mwaka 1948. Mwaka 1956 lilipata injini ya A-Series ya cc 948, nguvu ya farasi 37. Mwaka 1962 ikaja ya cc 1098, farasi 48. Ukoo huo wa injini uliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2000, na hiyo ndiyo neema ya wenye Minor.

Chaguo langu ni ndugu yao wa cc 1275, iliyotolewa kwenye MG Midget au Morris Marina. Ile ya Midget ina farasi wapatao 65. Inaingia bila kukata bodi, na ukitaka kurudisha injini ya awali, gari halijaharibiwa. Ila usidanganyike na namba 1275 ukanunua ya Mini. Hiyo hulala kwa upana, giaboksi ikiwa chini yake na zote mbili zikitumia oili moja. Kuigeuza iingie kwenye Minor ni kazi ya ziada na gharama.

Kabla ya kulipa, ingia chini ya gari. Giaboksi yenye ganda laini ni ya enzi za 948, na 1275 itaichosha mapema. Yenye mbavu ilikuja na 1098. Hiyo ni imara zaidi. Difu ya 948 ina uwiano wa 4.55, hivyo injini itazunguka mno barabara kuu, 4.22 ya 1098 inafaa zaidi. Kisha fungua magurudumu ya mbele: ngoma za breki za 948 ni inchi 7, za 1098 ni inchi 8. Kwa 1275, funga diski.

Wapo wanaofunga injini za kisasa za Ford au Toyota. Inawezekana, lakini giaboksi, propela shafti na mfumo wa kupoza injini navyo hubadilika, na Minor hupoteza tabia yake.

Kwa walio Uingereza, lazima DVLA, wakala wa usajili wa magari, ijulishwe namba na ukubwa wa injini mpya, na kampuni ya bima pia. Na kama fedha zinatosha kazi moja tu mwaka huu, fanya breki. Injini iliyochoka hukuchelewesha. Breki dhaifu zinaua.