Landi ya Guka Haipakwi Rangi

Wasee, cheki hii. Jumamosi moja niko ocha, Gilgil, nimelala chini ya Landi ya guka, Land Rover yake ya kitambo yenye ilikuwa ya jeshi, na tochi ya simu. Guka alikuwa ameamua kuiuza. Asubuhi broka alikuwa amekam, akaizunguka mara mbili, akagonga bodi na kidole, akatupea masharti: pigeni rangi mpya, ng'oeni hizo vyuma za kando, osheni injini ing'are. Makaratasi za kitambo chomeni, hakuna mtu husoma.

Mimi niliingia chini kucheki kama chasisi imeoza. Nikifika kwa ekseli ya nyuma nikaona difu imepakwa nyeupe. Matope na oili imeifunika, lakini ukipangusa na kitambaa, nyeupe inatokea. Juu yake kuna kataa kadogo kameangalia chini.

Nikatoka nikauliza guka hiyo ni nini. Akacheka, akavuta kiti. Akaniambia jeshi ikisafiri usiku, taa zote zinazimwa. Inabaki hiyo moja tu, inamulika difu nyeupe. Dere wa nyuma anafuata hiyo doa, gari kwa gari, giza totoro, na adui akiwa mbali haoni kitu. Maze, niliskia mwili imesisimka. Na broka alitaka tupulizie hapo chini yote nyeusi.

Siku hiyo nilishika form moja na sijaiachilia: dinga ya jeshi ya kitambo, kama alama zake bado ziko, unaiuza na makovu yake na makaratasi zake. Ukiipiga rangi umeuza bati. Ukiiuza vile iko umeuza maisha yake yote.

Kwanza, jua ndae yenyewe. Hii ni Series III, ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hapa Kenya kiwanda cha Leyland pale Thika kiliunganisha Landi mob. Lakini story ya Landi inaanzia mbali. Maurice Wilks, injinia wa kampuni ya Rover, alikuwa na jipi ya Willys ya jeshi la Marekani kwa shamba yake Anglesey, Wales. Akaona Rover inaweza unda yao. Aprili 1948 wakaionyesha dunia pale Amsterdam. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imeisha juzi na chuma ilikuwa inagawiwa kwa kipimo, so bodi wakaunda na aluminiamu. Ndio maana Landi ya guka, miaka yote hiyo ya mvua, milango bado iko sawa. Chasisi nayo ni chuma, na hapo ndio kutu hukula. Ukienda kununua Landi mzee, wacha kuangalia uso. Lala chini. Gonga chasisi na nyundo ndogo pole pole. Ikilia ngang, iko fiti. Ikitoa sauti ya kufa, hapo ndani pameisha.

Sasa, mkebe. Guka aliinuka, akaingia nyumba, akarudi na mkebe wa Kasuku umefungwa na raba ya tyubu. Ndani kulikuwa na risiti ya mnada wa 1986, siku jeshi iliuza magari zake zilizochoka. Kulikuwa na logibuku ya kwanza ya raia. Kulikuwa na daftari ya shule, maandishi ya guka mwenyewe: tarehe ya kubadilisha oili, bei ya plagi, siku giaboksi ilifunguliwa na fundi gani. Na picha moja, guka bado hajazeeka, mguu juu ya bampa, nambari pleti ikionekana safi. Hizo pleti za kabla ya 1989 hazina herufi ya mwisho, so ata kabla ufungue mkebe, pleti inakuambia umri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo kwa dinga ya jeshi hiyo methali ni sheria. Kila msee anaweza kuambia watu gari yake ilikuwa ya jeshi. Ako na nini mkononi? Nambari ya chasisi inafaa ifanane na logibuku. Logibuku ifanane na risiti. Kibati kile kidogo cha kiwanda kwa dashibodi kikubaliane na hizo zote. Zikipatana zote nne, hakuna mtu anaweza kukubishia. Na kama makaratasi ilipotea, usikate tamaa: pale Gaydon, Uingereza, kuna makumbusho ya magari yenye hutafuta kwa rekodi za kiwanda na nambari ya chasisi, wanakutumia cheti cha siku dinga iliundwa na penye ilipelekwa kwanza. Unalipa kitu kidogo, lakini hiyo ni ushahidi yenye broka hawezi futa.

Halafu soma bodi kama daftari ingine. Mlango wa dere, penye kiwiko hukaa, rangi ya kijivu yenye guka alipaka imelika, na chini yake kijani ya jeshi imechungulia. Kwa ubavu kuna vishikio vya koleo na shoka. Nyuma ya siti kuna mashimo manne zimepangwa mraba, penye redio ilikuwa imefungwa. Ukijaza hayo mashimo na pati, umefunga mdomo wa shahidi. Rangi unaweza piga ata kesho. Ile kijani ya kwanza ukishaikwaruza, hakuna duka duniani inaiuza.

Na hizi dinga haziongezeki. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari ya mtumba iliyopita miaka 8, so Landi za Series zenye ziko hapa ndizo hizo. Maai Mahiu ziko zingine bado zinasukuma watu na mizigo, zimebadilishwa injini mpaka ukifungua boneti unapata moyo wa gari ingine. Ni sawa, hiyo ni kazi, watu wanakula. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Landi kwa tamasha, wakisaka kuvunja rekodi ya Wajerumani ya msafara wa Land Rover. Mapenzi iko. Lakini kati ya hizo zote, yenye bado ina nyeupe yake chini ya difu na risiti yake kwa mkebe ni ya kuhesabu.

Sasa wacha niongee kitu nzito. Fundi mwenye alikuja kunisaidia kucheki breki ni beshte yangu, tuko mtaa moja Nairobi. Kwao ni Kalembe, Kivu Kaskazini, Congo, pale Masisi inapakana na Walikale, kwa barabara ya kutoka Mweso kwenda Pinga. Aliona ile kijani kwa mlango akanyamaza. Baadaye akaambia guka, kwa heshima, na Kiswahili ya kwao: "Papa, gari ya rangi ii kwetu ikipita, mama anafunga mulango." Hakuongeza kitu. Oktoba 2024 vita ya waasi wa M23 na wanamgambo wa Wazalendo ilifika hapo Kalembe, na watu walikimbia wakiacha nyumba. Kwake hiyo rangi si luku ya kupiga picha.

Guka alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Yeye alikuwa mtoto wakati Waingereza walitangaza hali ya hatari, Oktoba 1952. Anakumbuka Landi zikiingia kijijini, na watu wakibebwa kupelekwa kambini. Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa waathiriwa 5,228 wa mateso ya wakati huo mwaka wa 2013, zaidi ya nusu karne baadaye. Landi ya guka iliundwa baada ya uhuru, haikubeba mtu kwenda kambi ya mkoloni. Lakini ni ukoo moja na zile, na guka anajua. Ndio maana hakukubali tuandike kwa tangazo eti ni chuma ya vita, eti shujaa. Alisema tuandike penye ilitumika, miaka gani, nani aliinunua, basi. Historia si kiungo ya kuongeza ladha kwa bei. Ukiibeba, ibebe yote.

So hivi ndio tuliuza. Hatukuosha injini. Tulipiga picha mchana, kwa jua, kila upande, pamoja na chini. Tulipiga picha ya kila karatasi kwa mkebe, lakini hatukuweka nambari zote mtandaoni, juu wako wasee huiba utambulisho wa gari. Tukaandika makosa kwanza: chasisi imeanza kutu nyuma ya gurudumu la kulia, breki zinavuta kushoto, giaboksi inavuja oili, gia ya pili inataka ukanyage klachi mara mbili. Njia ya mwongo ni fupi, na mnunuzi mwenye anajua Landi ataona hayo yote kwa dakika tano. Akiona ulisema kabla aulize, ataamini na ile story ya difu.

Wakakam wengi. Mmoja alitaka kukata paa abebe watalii. Mwingine alitaka kuvua vipuri auze kimoja kimoja. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa makamo. Hakuuliza bei kwanza. Alitoa kitambaa, akalala chini na nguo yake safi, akapangusa difu. Akatoka anatabasamu. Guka akanikonyeza.

Bei walibonga wao wawili. Funguo hazikutoka mkononi mwa guka mpaka uhamisho wa umiliki uishe kwa mfumo wa NTSA, jina likabadilika. Hiyo usiruke, msee: gari ikiwa bado kwa jina lako, makosa yake bado ni yako. Halafu guka akampa mkebe wa Kasuku na mikono miwili.

Kama kwenu ocha kuna Landi ya jeshi imelala chini ya mwembe, kuku zimetaga ndani, usikimbilie kopo ya rangi wala kupigia broka. Tafuta mkebe kwanza. Keti na mzee, washa rekoda ya simu, muulize alinunua wapi, siku gani, nani alikuwepo. Andika. Hiyo chuma inaweza ngoja mwaka mwingine. Mzee hawezi.