"Cold" ni baridi au mafua? Neno moja, maana nyingi

Kwenye maboksi mengi ya dawa za mafua huandikwa neno la Kiingereza "cold". Mzazi anayelijua kwa maana ya baridi anaweza kuamini kuwa mtoto ameumwa kwa kukosa sweta au kuogeshwa maji ya baridi. Hapo neno hilo lina maana ya mafua.

Kwa Waingereza, "cold" lilianza kwa maana ya ubaridi. Ugonjwa ulipewa jina hilo karne ya 16, wakati madaktari wa Ulaya wakiamini kwamba afya hutegemea uwiano wa joto, baridi, ukavu na unyevu mwilini. Leo neno hilohilo hutumika pia kwa mtu asiye na huruma.

Imani hiyo, iliyotoka kwa Wagiriki wa kale, ilienea pia katika tiba ya Kiarabu. Kiswahili kina alama yake: maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, na "yabisi" kwa Kiarabu ni kavu.

Chanzo halisi cha mafua ni virusi, na vipo vya aina zaidi ya 200. Huenea kwa chafya, kikohozi na mikono michafu. Hivyo kunawa mikono kwa sabuni kunamkinga mtoto kuliko sweta peke yake. Antibayotiki haziui virusi, na dawa za mafua za dukani hazishauriwi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili.

Majina huchanganya hata ndani ya Kiswahili. Wakenya wengi huyaita mafua "homa", ilhali kwa Mtanzania homa ni joto la mwili kupanda. Kwa hiyo, ukifika kliniki, usiishie kutaja jina la ugonjwa. Eleza unachokiona.

Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Mpeleke hospitali haraka. Fanya hivyo pia kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, au akipata degedege.