Studio ya nyumbani: Mtaji usiishie kwenye programu

KIJANA anayetaka kufungua studio ndogo ya kurekodi muziki huuliza kwanza anunue programu gani. Swali hilo limemaliza mitaji ya wengi kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi.

Programu ndiyo sehemu rahisi. Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, ni ya bure na inatosha kurekodi sauti, kukata na kuunganisha. Reaper hukupa majaribio ya siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni kwa biashara ndogo ni Dola 60 za Marekani. FL Studio, inayopendwa na watengeneza midundo, nayo ina toleo la majaribio, lakini lina mtego: kazi unaihifadhi, ila ukiifunga huwezi kuifungua tena uiendeleze mpaka ununue programu. Mwenye kwaya aliyekwisha kulipa hatataka kusikia habari hiyo.

Fedha ielekeze pale sauti inapoingilia. Tundu la maikrofoni la kompyuta huwa na mvumo, hivyo nunua kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwa USB, maikrofoni moja nzuri na hedifoni. Kisha tazama chumba. Kuta tupu hurudisha mwangwi, na mwangwi uliokwisha kuingia kwenye rekodi ni kazi ngumu kuutoa. Mapazia mazito na magodoro yaliyosimamishwa nyuma ya mwimbaji husaidia sana. Paa la bati lisilo na dari ni balaa jingine. Mvua ikinyesha, kazi imesimama.

Mwimbaji akilalamika kuwa anajisikia kwa kuchelewa, usimlaumu. Fungua mipangilio ya sauti, shusha bafa hadi sampuli 128 wakati wa kurekodi. Kwenye 1,024 ucheleweshaji unazidi milisekunde 23, na hapo mtu hupoteza mapigo. Wakati wa kuchanganya ipandishe tena, kompyuta ipumue.

Wimbo wa dakika nne wenye njia nane za sauti, kila moja ya biti 24, hula takriban MB 250. Nunua diski ya nje na kunakili kila jioni, maana umeme hukatika bila taarifa. Na kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, andikianeni: nani atabaki na mafaili hayo, na kwa muda gani.